Nilisema Kanisani Kwamba Mashine Ndiyo Ilichimba Silanga Letu

Acha nianze na yangu kabla hamjanitukana. Nilidanganya. Nilidanganya kanisani, Jumapili, nikiwa nimeshika kipaza sauti cha padri, mbele ya watu wa Mitaboni wanaonijua tangu niolewe huku. Hilo ni kosa langu na silipunguzi hata kidogo.

Lakini lile lingine mnalonitukania kila nikienda sokoni, eti niliuza mtu wetu, hilo sikubali! Soma mpaka mwisho, ndiyo unitukane vizuri.

Sisi wamama wa hapa tuko na mwethya. Leo tunachimba mitaro kwa shamba lako, wiki ijayo kwa langu, kwa zamu, mpaka kila mtu afikiwe. Mimi nilikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye anakaa na daftari. Ukija na jembe, unaandika jina lako kwa mkono wako na unaweka sahihi. Hata kama umekuja nusu saa. Hata kama wewe ni chifu. Kwetu hakuna mtu anaandikiwa na mwingine.

Hivyo ndivyo tulichimba silanga letu, hilo bwawa la kuchota maji na kunywesha ng'ombe. Viangazi viwili, kila Jumanne na Alhamisi, jembe, sururu na karai. Siku moja ukingo ukaporomoka ukamfunika mwenzetu mmoja, Mwikali, mpaka kiunoni. Tulimtoa kwa mikono tukipiga nduru. Mguu wake wa kushoto ulivunjika na haukupona sawasawa, mpaka leo anatembelea fimbo. Na alipotoka hospitali alirudi hapohapo silangani, akawa anaketi kwa jiwe anatupikia uji.

Mheshimiwa, huyo mnayemwita mtu wetu, wakati huo alikuwa mbunge tu. Tulimjua tangu akiwa mwalimu wa hesabu, viatu vimejaa vumbi kama vyetu. Tulimpigia kura mara ya kwanza, tukampigia ya pili. Siku moja akaja silangani na watu wa kamera, akanipa koti nimshikie, akachimba, wueh, labda dakika kumi! Nikamletea daftari. Akacheka, akaniuliza, "Mama mwenyekiti, hata mimi?"

Nikamwambia, "Hata wewe."

Akaandika majina yake yote matatu, na sahihi yenye mkia mrefu.

Baadaye akafanywa waziri. Tulichinja mbuzi! Nilicheza mpaka nikapoteza kiatu kimoja. Na sitajifanya mtakatifu hapa: nilifurahi zaidi ya wengine kwa sababu binti yangu, ambaye alikuwa amekaa nyumbani miaka na cheti chake cha ukarani, aliitwa Nairobi akapewa kazi kwa ofisi yake.

Haikupita muda, msaidizi wake akaniletea karatasi. Ilisema silanga letu limechimbwa na kampuni fulani, kwa mashine, na jamii imeridhika na kazi hiyo. Nikamuuliza, "Mashine gani?"

Akatabasamu. "Mama, hii ni ya kuleta pampu na mabomba tu. Kwani binti yako anaendeleaje huko kazini?"

Nikaelewa. Nikaweka sahihi juu ya meza yangu mwenyewe, na chai nikampa. Pampu haijakuja mpaka leo.

Halafu magazeti yakaanza. Ikasemekana wizara ililipa kampuni kwa masilanga ambayo kampuni haikuchimba, na letu likatajwa. Waziri akaondolewa kazini, akashtakiwa. Akarudi nyumbani aombewe. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Akalia, machozi kabisa, akasema anawindwa kwa sababu ni mtoto wetu. Kisha akanyoosha mkono. "Mama mwenyekiti yuko hapa. Aje awaambie ni nani alichimba."

Nikaenda mbele. Nikasema mashine ilikuja, nikaiona kwa macho yangu, ya rangi ya manjano. Aki ya Mungu, hata rangi niliongeza, na hakuna mtu alikuwa ameniuliza rangi! Na wanawake niliochimba nao, mikono yao ikiwa bado na sugu, wakapiga makofi, kwa sababu mtu wetu ni mtu wetu.

Mwikali hakupiga. Aliinuka akatoka, na fimbo yake ikawa inagonga sakafu mpaka mlangoni. Nilimaliza kuongea hiyo sauti bado ikiwa kwa masikio yangu.

Kesho yake wapelelezi wakaja kuuliza daftari. Nikawaambia lililiwa na mchwa. Lilikuwa ndani ya debe la ndengu, chini ya kitanda changu.

Jumanne zamu ilikuwa ya Mwikali, tukaenda kuchimba kwake. Hakuna mtu alitaja mambo ya Jumapili. Wakati wa uji alinijazia kikombe, akaniletea mwenyewe, akaongea polepole wote wakisikia. "Mama mwenyekiti, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Kama mashine ndiyo ilichimba, mguu wangu ulivunjwa na nini?"

Woi! Wenzangu wote wakaanza kutazama vikombe vyao, na mimi nikaweka changu chini nikaenda nyumbani bila kuaga.

Asubuhi yake nilitoa daftari kwa ndengu, nikalipangusa na leso, nikaenda nalo Machakos mjini kwa wale wapelelezi. Nikawaambia, "Nilidanganya. Niandikeni upya."

Kortini wakili wa Mheshimiwa aliniuliza kama najua kusoma. Mimi? Najua kusoma! Nikafungua daftari nikaanza kusoma majina ya Jumanne moja, pole kwa pole, moja baada ya lingine. Nilipofika la Mwikali niliinua sauti. Nilipofika la Mheshimiwa mwenyewe, majina yake yote matatu, niliyasoma yote. Wakili akaruka, eti hiyo si sahihi ya mteja wake. Nikamwambia, "Muulize yeye. Siku hiyo koti lake nilishika mimi." Mheshimiwa hakuniangalia.

Alihukumiwa akafungwa. Na mimi nikaanza kulipa yangu. Binti yangu, ambaye watu wa Mheshimiwa walikuwa wamembakiza wizarani, alifutwa kazi wiki ileile, na tangu siku hiyo nikimpigia simu anakata. Hilo linaniuma kuliko matusi yenu yote, na mnaweza kuyajumlisha. Nilivuliwa uenyekiti. Mwanamke wa maembe soko la Kangundo alirudisha maembe niliyochagua kwa kikapu chake, akaniambia hamuuzii msaliti. Na zamu yangu ya kuchimbiwa ilipofika, hakuna mtu alikuja.

Hakuna! Nikaanza mtaro peke yangu. Ile mitaro yetu ya fanya juu, udongo unautupa upande wa juu wa mlima, na mimi mgongo wangu si wa msichana. Nilikuwa nachimba nalia, nalia nikitukana, sijui hata nilikuwa namtukana nani.

Saa nne nikasikia fimbo. Mwikali, jembe begani.

Nikatupa jembe, nikamkimbilia, nikaanza, "Mwikali, asante, asante kwa kunisamehe."

Akanikatiza. "Nani amekusamehe? Nimekuja kwa sababu ni zamu yako. Leta daftari niandike."

"Daftari lilibaki kortini."

"Basi tafuta lingine. Mimi siwezi kuchimba bila kuandika."

Nikachukua daftari la shule la mjukuu wangu lililobaki na kurasa tupu. Akaandika. Halafu akaketi juu ya ukingo, mguu ameunyoosha, akawa anavuta udongo na jembe akiwa ameketi, mimi nikiutupa juu. Tulichimba mpaka saa nane.

Kwa hivyo nisikilize, wewe unayesoma. Siku utaletewa karatasi inasema kazi ya mikono yako ilifanywa na mtu mwingine, kataa! Kataa hata kama mtoto wako yuko kwa ofisi ya aliyeituma. Na wakikuambia unauza mtu wenu, waulize wanasema nani. Mwikali pia ni mtu wetu. Niliuza mtu wetu, ndiyo, lakini nilimuuza siku ile kanisani, na nyinyi mkanipigia makofi.

Jina langu sitaliweka hapa gazetini. Ukilitaka, njoo Jumanne na jembe lako. Liko kwa daftari jipya, chini ya la Mwikali, na ukishalisoma uandike lako.