Nimeridhia Mke Mwenza kwa Kadi ya Gemu

Asalaam aleikum. Admin, nifichie jina, mawifi zangu wote wamo humu.

Nna miaka thalathini, mwaka wa sita wa ndoa, nakaa Wattaya hapa Maskati. Mtoto sijajaaliwa. Starehe yangu gemu. Kompyuta yangu ilikuwa imechoka, kila nikiingia vitani picha zinakwama, nakufa hata sijamwona aliyeniua. Miezi namwomba mume wangu anibadilishie kadi ya grafiki, ile inayotiwa ndani ili picha ziende laini. Jibu lake moja tu: "Mtu mzima wewe, tafuta la kufanya."

Basi Ijumaa moja tumekusanyika kwa mama mkwe, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, sinia za biriani ndiyo kwanza zinaondolewa, mume wangu akanitolea boksi mbele ya watu wote. Kadi mpya, ile ile niliyokuwa nikiililia! Nikapiga vigelegele peke yangu. Mama mkwe akaniuliza, "Umeridhika, mwanangu?" Nikasema nimeridhika. Akauliza tena. Mara ya tatu nikacheka: "Mama, nimeridhika mpaka utosini!" Mawifi wakatazamana. Mimi, mjinga wa Mungu, nikambusu mume wangu mkono.

Wiki ya pili yake akaniambia anaoa Alkhamisi. Nikampigia mama mkwe nalia. "Unalia nini? Mke mkubwa hupewa kitu aridhike. Wenzio hutaka dhahabu, wewe umetaka mchezo. Nimekuuliza mara tatu, na watu wamesikia." Nyuma yake nikamsikia wifi mdogo: "Mtoto hana, mwacheni acheze."

Desturi naijua, jamani, lakini nani kasikia inatolewa kwa kadi ya gemu? Mume wangu hata haya hana: "Ukiirudisha hiyo, na mimi nakurudisha kwenu."

Mama yangu mzazi anasema nimtupie kadi yake, nirudi nyumbani na heshima yangu. Mara mbili nimeifungua nikaitia kwenye boksi, mara mbili nimeirudisha kwenye kompyuta. Na siku ya harusi yao, wao wanamwimbia bibi harusi, mimi nilikuwa nacheza. Wallahi haikukwama hata kidogo. Nikashinda, nikacheka kwa sauti, peke yangu ndani ya nyumba. Najichukia kwa kicheko kile kuliko ninavyomchukia mume wangu.

Nyinyi mlioletewa wake wenza, nambieni kweli: niirudishe nitoke, au mimi ndiyo nimeshauza ridhaa yangu?