Kocha Kosta Aliposema Siga

Jamani, mcheke taratibu, maana hili jambo hata mke wangu alilisikia kwa watu, si kwangu, na alipolisikia alikaa chini kabisa kwa kucheka.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi wamejaa Kigoma, kulikuwa na Mgiriki mmoja, Kosta, fundi wa visima vya kambini, jioni akawa anakuja Ujiji kutufundisha mpira wa wavu (wavu wenyewe wa dagaa, umetoboka, mpira ukipita kwenye tundu tunabishana mpaka magharibi). Kila tukipumzika lazima atusimulie klabu ya kwao. Kwa Kiswahili chake cha kuombea maji alituambia ilianzishwa na Wagiriki waliofukuzwa Uturuki, wakimbizi waliovuka bahari kwa meli wakafikia kwenye mahema, babu yake akiwemo, wakafunga kamba kati ya nguzo mbili, wakashona mpira wa matambara, wenyeji wakawacheka, na leo wana ukumbi wenye paa na makombe hayana pa kuwekwa.

Basi akaleta wavu wa kweli, mpya, akasema tucheze na vijana wa kambini, atakayeshinda auchukue. Wallahi niliutaka ule wavu! Nilikuwa kepteni, na nilishautangazia mji mzima kwamba ni wetu.

Mechi ikaanza, Kosta mori umempanda, Kiswahili chote kimemtoka, anapiga kelele, "Siga! Siga!" Sasa mjue, kwa sisi Waha "siga" ni acha, liache hapo hapo. Hamisi, aliyesimama karibu yangu uwanjani, akaniuliza, "Kepteni, anasema tuuache?" Badala ya kwenda kumuuliza mwenyewe, mimi na kiherehere changu nikajibu, "Si unasikia? Kajifunza Kiha kwa ajili yetu! Akisema siga, hakuna kugusa." Tukauacha, na mpira (shetani ana mipango yake) ukaangukia nje, pointi yetu. "Mnaona macho ya kocha?" nikawatambia.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mpira unakuja katikati kabisa, "Siga!", tunaupisha kama tunampisha bibi harusi, puu! Unakuja mwingine, "Siga, siga!", tunarudisha mikono nyuma, puu! Kadiri tunavyoacha ndivyo anavyozidi kupiga kelele, na kadiri anavyopiga kelele ndivyo tunavyozidi kuacha, watu wanauliza, "Ninyi mnacheza au mmekuja kutazama?", mpaka filimbi ya mwisho. Kosta akaingia uwanjani kashika kichwa. "Siga ni pole pole! Kigiriki! Pole pole, hapana haraka!" Hamisi akanitazama. Sikuwa na pa kuuweka uso.

Na hayakuishia hapo. Nestori, kepteni wa wakimbizi, akapokea wavu, akasimama mbele ya watu. "Ndugu zetu wa Ujiji, na sisi tulisikia siga, Kirundi nacho ni hivyo hivyo, tukajua mmeamua kutuachia kwa kuwa tumefukuzwa kwetu. Mungu awalipe." Wazee wakanipigia makofi! Mimi! Ningenyamaza ningeondoka shujaa, lakini nilimwona Nestori ameinamisha kichwa, anaukunja ule wavu kama mtu aliyepewa sadaka, ikaniuma. Nikasema yote, neno kwa neno, na watu wakavunjika mbavu.

Nestori peke yake hakucheka. "Kwa hiyo ungejua maana yake, ungetuachia?"

"Thubutu! Hata pointi moja."

Akacheka sasa, akanikumbatia mpaka nikakohoa, akawageukia wenzake na kupaza sauti, "Jamani, kumbe tumewafunga kweli!"

Wakapanda lori na wavu wao wakiimba, na mimi (aibu bado inaniwaka masikioni) nikajikuta nawapungia mkono kwa raha. Ila niliapa: mtu akinipigia kelele, hata iwe kwa Kiha cha mama yangu mzazi, kwanza namuuliza ana maana gani.