Askari Aliyejibu Njema

Jumatatu nilikwenda ofisi ya serikali hapa Amu kumwandikisha mtoto wangu. Mbele yangu walikuwa mume na mke kutoka Pate. Mume alipigana vita vya Burma, akaumia mgongo, na tangu hapo miguu imekufa ganzi. Aliomba malipo ya ulemavu akanyimwa. Sasa alikuja kukata rufani.

Karani akamsomea barua ya daktari: "Mgonjwa mwenyewe amesema hajambo."

Mke akamgeukia. "Ulimwambia hivyo?"

"Aliniuliza hali. Nimjibu nini, nimkufuru Mungu?"

"Haya, nauliza upya," karani akasema, kalamu mkononi. "Hali yako, Bwana?"

"Njema, alhamdulillahi."

Benchi zima tukacheka, hata mimi ndani ya buibui. Mke hakucheka. Aliinama, akamvua mumewe kiatu cha kulia, akafungua kitambaa alichofungwa mguuni. Wayo ulikuwa umeungua vibaya.

"Juzi alikanyaga kaa la moto jikoni, Bwana karani. Hakuyua, hakuhisi hata moto. Mimi ndiye niliyesikia harufu."

Karani akasema fomu haina mahali pa maneno ya mke.

"Basi aulizwe nani, na miguu yenyewe haisikii?"

Sisi tumefunzwa kushukuru kabla ya kulalamika, na mwanangu nitamfunza vivyo hivyo. Lakini mwenye kupima maradhi yetu asitosheke na salamu. Karani, Mungu ambariki, aligeuza ile fomu akaandika nyuma, mpaka karatasi ikajaa.