Mlo wa Kwanza wa Naze

Naze binti Eliyahu Amadi, mjukuu wa mchimba makaburi wa sinagogi letu la Wakurdi hapa Yerusalemu, aliwapikia wafiwa wa mtaa mzima kwa miaka arobaini. Kwetu mfiwa akirudi kutoka mazikoni hali chakula chake. Majirani ndio humletea dengu na mayai ya kuchemsha.

Siku tuliyomzika mumewe, Naze alirudi akaenda moja kwa moja kuwasha jiko.

“We dada, leo mfiwa ni wewe!” Asmar, jirani yake, akamkaripia.

“Nani atapika sasa? Wewe unayeunguza hata chai?”

Tulicheka huku tunalia. Asmar akamketisha, akampa bakuli la dengu. Naze hakuligusa. Tangu tumjue, hakuwahi kupokea cha mtu.

“Mama aliponifia ulinilisha wewe,” Asmar akasema. “Hata leo unaninyima kushukuru?”

Hapo Naze akala, taratibu, mpaka akamaliza.

“Chumvi imezidi,” akasema akifuta machozi. “Lakini zimeiva. Juma hili la matanga sitoki nyumbani. Akifiwa mtu, utampikia wewe.”

“Na baada ya juma, dada?”

“Baada ya juma pia.”