Nilitibu mihogo ya mama kwa mwarobaini, sasa sielewi nimeua nini

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nawasimulia yaliyonikuta bila kutia chumvi, maana hata hivi yalivyo yananishinda kuelewa.

Mimi ni mtu wa Kaloleni, nafanya kazi kiwandani Changamwe na nina kijishamba Jomvu Kuu.

Ukame ulimaliza mihogo yote ya mama kule nyumbani. Mbegu ile tamu aliyoachiwa na mamake ikabaki kwangu tu, ile aliyokuwa amenigawia. Akaniambia niipande yote, ikikomaa nimkatie vijiti arudishie shamba lake.

Nikapanda thelathini. Siku moja napalilia, nikaona nyuzi nyeupe mchangani. Nikasema huu ni ukungu, utamaliza mbegu ya mama.

Sasa mnatujua watu wa Pwani. Homa, mwarobaini. Upele, mwarobaini. Tumbo, mwarobaini. Na uani ninao mmoja mkubwa.

Nikachemsha majani sufuria nzima, yakapoa, nikamwagia kila shina. Juu yake nikatandaza mabichi. Kila nikiwa off, kazi ni hiyo. Nikajiona daktari.

Wakuu, mihogo ikadumaa. Ikawa manjano, ikakauka mmoja mmoja. Nami ndio kwanza naongeza dozi.

Ikapona minne tu, ile ya mwisho wa mstari, ambako dawa ilikuwa ikiniishia kabla sijafika.

Nikamwita bwana shamba. Akachimba, akanusa, akacheka. Akasema zile nyuzi huenda zilikuwa zinaozesha takataka tu. Lakini kuna kuvu nyingine, hazionekani kwa macho, zinakaa kwenye mizizi ya muhogo na kuuletea chakula.

"Mwarobaini una kemikali za kuua kuvu," akasema. "Na haziulizi huyu rafiki au adui."

Akaongeza kwamba mti wenyewe si wa kwetu, uliletwa, na siku hizi unajiotea ovyo pwani nzima. Nikamuuliza kama ana hakika ndio uliomaliza mihogo. Akajibu kwamba bila kupima mchanga hawezi kuapa.

Hapo ndipo aliponivuruga kabisa. Mti umenitibu tangu utoto, leo ndio mshukiwa?

Mama naye kila akipiga simu, "Mbegu yangu yaendeleaje?" Nami, "Yaendelea, mama." Jana nikashindwa, nikamwambia yote. Akauliza moja tu:

"Imebaki mingapi?"

"Minne."

"Basi hiyo minne iache. Usiitibu."

Niliona aibu, wallahi. Somo nililopata ni kwamba nilikimbilia dawa kabla ya kujua kama kuna mgonjwa.

Wenye elimu ya udongo, niambieni: huu mwarobaini niukate, au nausingizia? Jibuni mapema, maana mama anafika kesho na godoro lake. Amesema atakaa hapa mpaka mihogo ikomae.