Kufuli ya bweni la binti yangu iko nje: yaliyonipata Siku ya Waasisi

Wakuu, niaje. Mimi humu huwa nasoma tu na kupita, lakini hili limenikaa kooni. Sitaongeza chumvi, kwa sababu hata bila chumvi linanitisha.

Mimi ni mama, naishi Kangemi, kazi yangu ni ya ofisi pale tao, katikati ya jiji. Nilisoma boarding moja ya wasichana kule upande wa Mutuini, jina niachieni. Binti yangu Mwende sasa yuko Form Two hapo hapo. Nilimpeleka kwa maringo kabisa, maana shule ile ina historia.

Historia yenyewe ni hii. Zamani za mkoloni, masista walijenga bweni la mawe kuwapokea wasichana waliotoroka nyumbani wasiozwe kwa nguvu. Baba na kaka zao walikuwa wakija na marungu kuwadai. Ndiyo maana mlango ni mzito na madirisha yana vyuma. Bweni hilo bado lipo, na Mwende hulala humo.

Sasa kila Siku ya Waasisi, sisi tuliosoma hapo tuna desturi yetu. Tunaingia bwenini, matron anatufungia kwa nje na kufuli, tunaimba wimbo wa shule, kisha anatufungulia. Tunaiita "kufungiwa". Watu hulia kwa furaha. Hata mimi nimewahi kulia, msinicheke.

Mwaka huu tuliingia mchana, baada ya pilau. Mwende alikuwa nasi kwa sababu Form Two ndio hutembeza wageni. Alikuwepo pia Shosho Nyokabi, bibi mzee na mwalimu mstaafu, mmoja wa wasichana wa mwanzo mwanzo wa shule hiyo.

Kufuli ikabana. Tukaanza kuimba.

Ubeti wa pili, moshi ukaingia.

Tulidhani ni wa jikoni. Lakini ulizidi, mweusi, wenye harufu ya plastiki. Wimbo ukakatika. Mmoja wetu akagonga mlango akicheka cheka, "Matron, fungua basi, tumeshaokoka!"

Mlango haukufunguka. Matron alikuwa ameitwa kwenye tenti kukata keki, akaenda na funguo zake. Na huko nje spika zilikuwa zinapiga gospel mpaka mabati yanatetemeka.

Wakuu, niliogopa. Wanawake wazima, wengine na vyeo vyao, wanapiga mlango kwa viatu na kumwita Yesu. Nilishika vyuma vya dirisha nikavitikisa kama mwendawazimu. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: mtoto wangu yuko humu ndani, na mimi ndiye niliyemleta.

Nikageuka kumtafuta. Mwende alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, anamwagia taulo maji ya chupa. Hakuwa na haraka. Akanifunika nayo pua.

"Mum, lala chini. Moshi hukaa juu."

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna mtu. Sisi hujipanga tu. Matron hutufungia kila usiku, so kila mtu hulala na taulo na chupa ya maji. Matron hudhani ni ya kunywa."

Hapo hofu yangu ikapita ile ya moshi wenyewe. Watoto wetu wanalala kila siku wakijua mlango hautafunguka, na hawakutuambia, kwa sababu sisi tukija huwa tunaimba.

Mpishi mmoja alisikia vishindo akamkimbilia matron. Tukatoka tukikohoa, salama wote. Kumbe ni takataka tu zilikuwa zinachomwa nyuma ya bweni.

Principal akaja na pole nyingi. Halafu akasema, "Lakini mnajua hii ni heritage yetu."

Shosho Nyokabi alikuwa bado ameegemea fremu ya mlango, anahema.

"Heritage gani? Kuja hapa uone."

Akaonyesha upande wa ndani wa mlango. Palikuwa na mashimo ya misumari yaliyozibwa na rangi. Miaka yangu yote pale sikuwahi kuyaona.

"Komeo ilikuwa hapa, ndani. Ni sisi tulikuwa tunajifungia na ni sisi tulikuwa tunafungua. Hakuna mtu alikuwa anatufungia. Kufungiwa ndio kitu tulikuwa tumetoroka!"

Nani aliihamisha komeo nje, na lini, hakuna aliyejua. Nadhani ni mtu aliyewaogopa wasichana kuliko alivyoogopa moto.

Nikamwambia Mwende afungashe box twende nyumbani. Akaniangalia.

"Na hao wenye wanabaki?"

Nikakaa chini mlangoni. Kina mama wengine wakakaa pia, na nguo zao za sherehe. Hatukuondoka mpaka fundi akaitwa, kufuli ikang'olewa na komeo ikapigiliwa ndani.

Mnadhani nimetulia? Wapi. Kufuli zinauzwa kila duka, na hiyo hofu ya kuwaogopa wasichana haijaenda popote. Simu ikilia na ni namba ya shule, naishika kwa mikono miwili.

Somo langu ni kwamba siku ya visiting tunabeba kuku na chapo, tunauliza maksi, tunasifia majengo ya zamani. Mlango hatuuangalii.

Sasa nataka kuwasikia nyinyi. Mwenye binti boarding, bweni lake linafungwa kutoka upande gani? Usinijibu kwa kukisia. Muulize mtoto mwenyewe, halafu unyamaze umsikie.