Salamu Iliyoninunulia Ngamia

Nisitirini, wenzangu. Hapa Griftu nawafundisha watoto mambo ya pesa kwa hadithi za Bwana Pupa, anayenunua kabla ya kufikiri. Juzi nikawapeleka kwenye mnada wa mifugo wajionee. Dalali mmoja, mzee Abdi, akaushika mkono wangu chini ya shali yake. Mimi mtu wa Nyeri nikadhani ni salamu, nikamminya vidole vyote kwa bashasha. Akanikabidhi kamba ya ngamia.

“Mwalimu, hapa bei hupatanwa kwa kuminyana vidole,” mwanafunzi wangu Halima akaninong’oneza. “Umeshanunua.”

Nikamweleza mzee kwamba nilidhani ni salamu. Mzee akacheka, akachukua kamba yake. “Wallahi, mimi nimesamehe. Wewe fundisha watoto tu.”

Kwa shukrani nikamnyooshea mkono tena. Darasa zima likapiga kelele: “Bwana Pupa, usimshike!”